Visiwani wakati wa masika: maswali ya wasomaji

Februari ikifika, barua za ukurasa huu huanza kufanana. Hoteli zimetangaza bei za chini, mvua inakaribia, na kila mtu anauliza kama aende au asubiri. Tumechagua nane. Nyingi zinahusu Unguja, kwa hiyo majibu mengi yanahusu Unguja.

Tulifunga ndoa Desemba, fungate ikaahirishwa kwa sababu ya pesa. Mume wangu amepata likizo na anatakiwa kuchagua: wiki ya pili ya Aprili au wiki ya mwisho ya Mei. Hoteli tunayoitaka Unguja imepunguza bei miezi yote miwili. Tutaishia kukaa chumbani tukitazama mvua? (Msomaji, Morogoro)

Chukueni Mei, dada, wala msiumize kichwa.

Masika ya Unguja huingia katikati ya Machi, hukaza Aprili, na huanza kulegea kwenye wiki ya tatu ya Mei. Aprili peke yake hupata zaidi ya milimita 300 za mvua. Juni nzima kwa kawaida haifiki robo ya hapo. Ila hesabu ya milimita haikwambii siku yako itakuwaje, kwa sababu mvua ya masika iko ya aina mbili. Iko inayopiga usiku na alfajiri, kisha saa tatu asubuhi jua limetoka na watoto wanacheza mpira ufukweni. Hiyo haimharibii mtu safari. Na iko inayotua: wingu linashuka, linakaa siku mbili au tatu mfululizo, na nguo uliyofua Jumatatu bado ina unyevu Alhamisi. Aprili ndiyo mwezi wa hiyo ya pili.

Mwisho wa Mei mambo ni mengine. Upepo wa kusi, ule unaovuma kutoka kusini, umeshashika, mawingu hayakai, na joto limeshuka kiasi kwamba mtu analala bila feni. Hasara yake iko baharini: upande wa mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Matemwe, maji yanachafuka, na mwani wa kujiotea unasukumwa mpaka mchangani, mwingine unanuka kidogo ukianza kuoza. Haudhuru, lakini si picha ya fungate. Kwa hiyo kwa Mei, elekeeni kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako kisiwa chenyewe kinawakinga na kusi.

Sasa pesa. Tuseme chumba cha shilingi 200,000 kwa usiku wakati wa Agosti mmekipata kwa 120,000. Kwa usiku nne mmeokoa 320,000. Msiitumie yote kwa kupanda daraja la hoteli. Toeni 120,000 mnunue usiku wa tano. Msimu huu siku ya ziada ina thamani kuliko bwawa kubwa, kwa sababu ikinyesha siku moja bado mna nne, na boti ikisimama hamkosi kazini. Anayekwenda masika kwa siku mbili anacheza kamari.

Jihadharini na kalenda pia. Pasaka, Siku ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili na Mei Mosi zote ziko ndani ya masika, na wikiendi zake ndefu huwavusha watu wa Dar kwa wingi. Bei ya chini hupotea siku hizo na boti hujaa. Sikukuu za Kiislamu nazo huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa miaka hii Idi ya kuchinja inaangukia Mei. Ulizieni tarehe yake kabla ya kulipa.

Nilikwenda Jambiani. Asubuhi nikakuta bahari imeondoka, zimebaki nyasi na vijiti vya kina mama wanaolima mwani. Nikaambiwa nisubiri, nikasubiri hadi jioni. Safari hii nataka kuogelea. Niende pwani gani? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

Hukukosea pwani, ndugu yetu. Ulikosea tarehe.

Upande wote wa mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, una mwamba mbali baharini, na kati ya mwamba na ufukwe kuna bwawa pana lisilo na kina. Maji yakipwa, bwawa lile hubaki karibu tupu na unaweza kutembea kilomita nzima kwa miguu. Nungwi na Kendwa kina kiko karibu, kwa hiyo unaogelea saa yoyote. Wengi huishia hapo: wanasema mashariki hakuna bahari, nendeni kaskazini. Lakini kaskazini bei haishuki sana kama kwingine, na mashariki wakati wa masika unaweza kupata chumba kizuri kwa pesa isiyo kubwa. Ukijua kusoma mwezi, mashariki panakufaa vizuri tu.

Wavuvi wanakwenda na mambo mawili, bamvu na maji mafu. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupanda sana na kushuka sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu, na tofauti hupungua hadi mita moja hivi, yaani bahari haiendi mbali.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba saa za bamvu hapa kwetu hazibadiliki sana. Bamvu ya Unguja hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Ndiyo maana wewe asubuhi hukuona kitu. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa.

Hesabu yenyewe ni rahisi kwa anayefuata mwezi wa Kiislamu. Ukitaka kuogelea asubuhi na mchana upande wa mashariki, panga uwepo kati ya tarehe 5 na 10, au 20 na 25. Ukifika tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17, asubuhi vaa viatu utembee mwambani, uogelee kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua kuzama. Kwa tarehe kamili, fungua jedwali la kujaa na kupwa la Zanzibar kwenye simu na usome kimo cha kupwa: kikiwa chini ya nusu mita, jua ni bamvu kali.

Bamvu ina neema yake vilevile. Mwamba ukiwa wazi, kina mama na vijana hushuka na mikuki kutafuta pweza. Mchana wa siku hizo ndio wa kula pweza Jambiani, si mchana wa maji mafu ambapo unaletewa wa kwenye friji.

Na hivyo viatu visiwe vya ngozi wala ndala za kuvutika. Yeboyebo za plastiki zinazobana kisigino zinatosha. Kwenye mwamba kuna wale wanyama weusi wa miiba, na mwiba wake ukivunjikia ndani ya unyayo unaweza kukukalisha siku nzima.

Tunatoka Dodoma familia ya watu watano. Mke wangu anaogopa boti, na tumesikia wakati wa mvua boti husimamishwa. Je, ni kweli, na tufanyeje? (Msomaji, Dodoma)

Ni kweli, ingawa si jambo la kila wiki. Tarehe 3 na 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani na kufika Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Hayo ni ya nadra. La kawaida zaidi ni angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kwenye hali kama hiyo boti kubwa za abiria nyingi huendelea, ila safari inakuwa ya kutikisika.

Jizoesheni kusoma maneno ya TMA, kwa sababu yamepangwa kwa ngazi. "Angalizo", lenye rangi ya njano, ni la kuwa macho. "Tahadhari", rangi ya chungwa, ahirisheni mambo ya majahazi na vidau, na mpige simu kwenye kampuni ya boti kabla ya kutoka nyumbani. "Tahadhari kubwa", nyekundu, bakini mlipo. Utabiri wa siku tano hutolewa kila siku. Anzeni kuufuatilia siku nne kabla ya safari.

Kuhusu woga wa mama, mtikisiko wa kwenda na wa kurudi haufanani. Unguja iko kaskazini ya Dar. Upepo wa kusi ukivuma, kwenda mnasukumwa kwa nyuma. Kurudi mnapigana na mawimbi uso kwa uso. Watu wengi wanaokwenda vizuri wakasema "kumbe si kitu" ndio hao wanaotapika kurudi. Kwa hiyo tiketi ya kurudi ndiyo ya kuangalia zaidi: chukueni boti ya asubuhi ya kwanza, kabla upepo haujakaza mchana. Kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo huinuka kidogo kuliko puani. Dawa ya kichefuchefu huliwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ikinywewa baada ya kuanza kutapika haisaidii. Msisafiri na tumbo tupu wala msilijaze: mkate mkavu na chai ya tangawizi. Watoto waangalie nje, wasiangalie simu.

Kosa kubwa la watu wa bara liko Dar, si baharini. Treni ya SGR inawafikisha mjini bila shida, lakini mkipanga kushuka treni na kupanda boti siku hiyo hiyo mmejibana. Mvua ikipiga, foleni ya kuingia katikati ya jiji haina mfano, na wanaotoka kwa barabara upande wa Kimara na Ubungo wanajua kilichoko Jangwani: Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale. Laleni Dar usiku mmoja, hata kama ni nyumba ya wageni ya kawaida Kariakoo, mvuke asubuhi.

Tiketi ikateni kwenye dirisha la kampuni au mtandaoni kwao wenyewe. Wale vijana wanaowapokea begi nje ya geti na kuwaambia dirisha limefungwa, waambieni asante na mwendelee kutembea. Bebeni vitambulisho vya wote, hata vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ikishindikana kabisa, kuna ndege ndogo, kama dakika 20 angani. Lakini mwenye kuogopa boti asidhani atastarehe ndani ya ndege ya viti 12 wakati wa mawingu ya Aprili.

Nimeona mtandaoni hoteli ya ufukweni kwa nusu ya bei ya kawaida. Rahisi ghali. Nichunguze nini kabla ya kutuma pesa? (Msomaji, Arusha)

Nusu bei kwa Aprili na Mei si ajabu. Chunguza mambo manne, na uyaulize kwa simu, siyo kwa ujumbe, maana kwenye simu utasikia mtu anasita.

La kwanza, je, hoteli itakuwa wazi kweli? Hoteli nyingi za pwani hufunga wiki kadhaa kati ya Aprili na Mei, na nyingine hubaki "wazi" kwa maana ya vyumba tu: jiko limefungwa, wafanyakazi wamekwenda likizo, na wewe uko Michamvi usiku, mvua inanyesha, mgahawa wa karibu uko kilomita tatu. Uliza jiko litahudumia mlo gani. Kwa msimu huu bei yenye kifungua kinywa na chakula cha usiku ndani yake ni bora hata ikiwa juu kidogo.

La pili ni ujenzi. Masika ndipo wenye hoteli wanapokarabati, kwa sababu hakuna wageni. Unaweza kukuta bwawa limekaushwa na fundi anakata vigae nje ya dirisha lako saa mbili asubuhi. Uliza waziwazi: "Kuna ukarabati wowote tarehe hizo, hata kwa jirani?" Neno la jirani usilisahau.

La tatu, paa. Hapa usione haya kuuliza sana. Paa la makuti ni zuri, lina ubaridi, na likiezekwa vizuri kwa mwinamo mkali halivuji. Lakini makuti huoza. Yakishavuka miaka minne au mitano, hasa mahali penye kivuli, yanaanza kuota kijani, maji hayateremki tena bali yanaingia, na matone huanza kudondoka kwenye kona ya chandarua usiku wa manane. Uliza paa la chumba chako liliezekwa upya mwaka gani, na omba picha ya ndani ukiangalia juu, siyo picha ya kitanda. Ukiona michirizi myeusi kwenye boriti, hiyo ni njia ya maji. Chumba cha bati au vigae chenye makuti juu kwa ajili ya sura ndicho salama zaidi kwa Aprili, ingawa hakipendezi ukikitazama kwa ndani. Omba ghorofa ya juu: vyumba vya chini hupata unyevu kutoka sakafuni na godoro hunuka ukungu.

La nne ni umeme. Unguja hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, na mvua ya radi huukata mtaani mara kwa mara. Karibu kila hoteli itakwambia ina jenereta. Swali ni linawasha nini: taa na feni tu, au kiyoyozi pia, na saa ngapi usiku. Masika kiyoyozi si anasa, ndicho kinachokausha hewa ya chumba na nguo zako.

Ukiridhika, omba punguzo moja kwa moja. Mitandao ya kuwekea nafasi hukata kamisheni kwa hoteli, kwa hiyo meneja anayekuuzia mwenyewe ana nafasi ya kushuka. Usiseme tu "punguza". Sema "nitakaa usiku nne, nilipie tatu", au "bei iwe hiyo, niongeze chakula cha usiku na usafiri wa bandarini". Wengi hukubali la pili kwa sababu gari na mpishi wanawalipa vilevile, uwe umekuja au hujaja. Uliza kama kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mtu kila usiku, imo kwenye bei.

Malipo ya awali yasizidi theluthi moja, na yaende kwenye akaunti au namba ya biashara yenye jina la hoteli. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye simu, simama hapo hapo. Na upate kwa maandishi kwamba boti au ndege ikisimamishwa kwa hali ya hewa, tarehe zako zitasogezwa bila faini.

Assalaam aleikum. Sisi tuko Muscat, asili yetu Unguja. Tunataka kuwaleta watoto mwezi wa Juni wawaone jamaa, kisha tukae pwani siku tano. Jamaa wanatuambia mvua bado. Naomba ushauri na mambo ya bima. (Msomaji, Muscat, Oman)

Waaleikum salaam, bibi. Jamaa zako wanakumbuka matope ya Mei. Juni ni mwezi mzuri: mvua zimebaki za kupita, na bei za hoteli nyingi hazijapanda hadi mwishoni mwa mwezi. Mtakachokutana nacho ni upepo. Na upepo huo mnaujua kwa jina lingine, maana ndio huo kusi unaopinda ukivuka ikweta, ukaishia Dhofar, kusini mwa Oman, na kuwaletea manyunyu ya msimu wa khareef kule Salalah. Watoto waliozoea joto la Muscat watasikia baridi asubuhi. Beba sweta nyepesi.

Bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni mwenye pasipoti ya nje anatakiwa kukata bima ya safari ya Zanzibar kabla ya kuingia, dola 44 kwa mtu mzima, kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Bima mliyokata Oman haichukui nafasi yake. Ikateni mtandaoni kwenye tovuti yenyewe ya serikali. Zipo tovuti za watu wa kati zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Chapisheni karatasi, msitegemee simu yenye chaji ya asilimia tano uwanja wa ndege.

Kwa watoto, hatari ya msimu huu haiko kwenye mawimbi peke yake. Baada ya mvua kubwa, maji ya mitaro ya mji hushuka baharini, kwa hiyo msiwaogeshe Forodhani wala fukwe za karibu na mjini kwa siku mbili tatu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, pamoja na ya kupigia mswaki, hata nyumbani kwa bibi. Malaria ya Unguja imepungua sana, lakini mbu wa madimbwi wako wengi Juni, na yuko anayeuma mchana na kuleta dengi. Kwa hiyo dawa ya kupaka ipakwe asubuhi pia, si magharibi tu.

Nataka kumwona papa potwe Mafia. Nauli na hoteli ni nafuu Aprili. (Msomaji, Mwanza)

Usiende Aprili kwa ajili hiyo. Potwe hukusanyika karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Aprili, Mto Rufiji unamwaga tope baharini, na Mafia iko mbele ya mdomo wake. Hata potwe angekuwepo ungemwona kivuli tu. Unguja haina mto wa namna hiyo, ndiyo maana wazamiaji wa masika hukimbilia Mnemba, kisiwa kidogo jirani na Matemwe, ambako maji bado yana uwazi.

Njia nayo ina matatizo. Kivuko cha kwenda Kilindoni huondokea Nyamisati, na kipande cha barabara kutoka Bungu kwenda Nyamisati kikilowa hakina huruma na gari dogo. Ukitaka Mafia ya bei ya chini, nenda kuanzia Juni, kwenye kisiwa cha Juani, ambako mayai ya kasa huanguliwa na vitoto huteremka baharini mbele ya macho yako. Uliza siku inayotarajiwa kabla ya kukata tiketi, kwa sababu walinzi wa viota huhesabu siku tangu kasa alipotaga.

Ikinyesha kutwa, Unguja kuna la kufanya? (Msomaji, Iringa)

Lipo la siku mbili. Siku ya tatu utachoka. Msitu wa Jozani unapendeza zaidi majani yakiwa na maji, na kima punju hawaendi mbali, ila ingia mvua ikipungua, kwani ikipiga kwa nguvu wanajikunyata juu na huwaoni. Mashamba ya viungo ya Kizimbani yanatembeleka na mwamvuli na viatu vya matope. Mji Mkongwe una vichochoro vyenye kivuli, lakini tembea katikati ya njia: mifereji ya mapaa ya zamani humwaga maji pembeni, kichwani mwako. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, usiipange, sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kaiti za Paje, ule mchezo wa kuteleza majini ukivutwa na tiara, sahau kabisa Aprili. Upepo ule haujakaa sawa mpaka Juni. Usiku mvua ikikatika, Forodhani wachomaji hurudi haraka, na foleni ya urojo ni fupi kuliko msimu wowote.

Nifungie nini nguo na kamera zisilowe? Mimi natoka Nairobi kwa basi, halafu boti. (Msomaji, Nairobi)

Si mifuko ya nailoni. Tanzania iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kama mlivyofanya nyie Kenya 2017, na mpakani hukaguliwa. Inayoruhusiwa ni ile midogo ya kufunga kwa zipu ya vitu vya kuogea, na huwa inatakiwa utoke nayo. Nunua mfuko mzito wa turubai unaokunjwa mdomo, lita 20, unatosha kamera, simu na shati moja. Kabla ya kuufunga, tia ndani soksi safi iliyojazwa mchele mkavu na kufungwa fundo. Itasaidia kunyonya unyevu kidogo, nawe uubadilishe mchele kila baada ya siku mbili. Taulo nzito iache nyumbani. Khanga moja inakauka kwenye feni kwa saa mbili, taulo ya pamba haitakauka safari nzima. Na ukitoka Kenya, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe tayari mkononi: chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka Namanga, na ukishachomwa mara moja huhitaji kurudia.